Shikamoo ya Watasema

Ukimzoea mbwa atakufuata msikitini. Ndivyo walivyoonya wakubwa, na katika kijiji cha Kisiwani, chini ya mlima, Mkristo kwa Mwislamu, kila mtu huutoa msemo huo akimwona mwenzake anamchekea mbwa. Dorkasi alikuwa na wa kwake. Alisema: usipomzoea mbwa, siku fisi akija hatakufuata hata zizini.

Ernesta alipoyasikia maneno hayo mara ya kwanza alidhani binti wa kaka yake anatafuta ugomvi na wahenga. Asingeshangaa. Dorkasi aligombana na yeyote aliyesema jambo bila kuliangalia kwanza, awe hai au awe amelala kaburini. Alikuwa ameshuka kwa shangazi yake akitokea Moshi, na begi moja mgongoni, baada ya kuacha kazi ya kulea mbwa wa walinzi. Alipoulizwa kwa nini ameacha, alisema bosi alipenda fimbo kuliko mbwa.

"Nitakaa kwako mpaka nipate pengine, shangazi," alisema. "Na chakula chako sitakila bure. Nitakufundishia mbwa."

"Mbwa wangu ana adabu tayari," Ernesta akajibu. "Marehemu alimtia adabu tangu mdogo."

Mbwa mwenyewe alikuwa amelala kando ya jiko la nje, mweusi, sikio moja limesimama na jingine limeanguka. Jina lake Watasema. Marehemu mume wa Ernesta alimtoa kijiji cha Kwakoa akiwa bado mtoto, na majirani walipocheka lile sikio, akawaambia jina la mbwa ni hilo hilo, Watasema, ili kila akimwita wajue anawaita wao.

Dorkasi alimtazama mbwa, akamtazama shangazi yake. "Naomba ushike ufagio."

"Wa nini?"

"Ushike tu, shangazi. Usifanye neno."

Ernesta akauokota ufagio. Watasema akafyata mkia, akajikunyata, akajiburuza kwa tumbo hadi nyuma ya pipa la maji.

"Hiyo ndiyo adabu?" Dorkasi aliuliza. "Hiyo ni hofu, tumeivalisha nguo ya adabu. Neno lenyewe linatuumbua. Tukisema fulani katiwa adabu, si tunajua kala bakora? Adabu haitiwi mtu kama dawa ya minyoo. Hufundishwa, nayo hukaa mahali ambapo hofu haijajaa."

Ernesta aliurudisha ufagio ukutani. Hakupendezwa, lakini maneno yalimkaa.

Basi binti akaanza kazi yake, na hapo mwanzo haikuonekana kama kazi. Alikaa kwenye kigoda, amempa mbwa ubavu wala si uso, akawa anarusha dagaa mmojammoja nyuma yake kama mtu anayelisha hewa. Hakumwita, hakumnyooshea mkono. Ernesta akipita na ndoo alikuwa akitikisa kichwa.

"Wazazi wako waliuza tangawizi ili usomee kumpa mbwa dagaa?"

"Waliuza tangawizi ili nisomee kungoja, shangazi. Kungoja ndiko kugumu."

Kila siku mbwa alisogea kidogo. Dorkasi akawa anamwonyesha shangazi yake mambo ambayo Ernesta aliyaona miaka yote bila kuyatazama. Unaona anapiga miayo? Hana usingizi, ana wasiwasi. Unaona analamba pua na hakuna chakula? Anaomba mambo yapoe. Anapoganda ghafla, mdomo umefungwa, na weupe wa jicho unaonekana pembeni, hapo usimsogelee, anakuonya kabla ya kunguruma. Na mkia, shangazi, mkia si kicheko tu. Ukilegea na kuyumba pamoja na kiuno chote, hapo anafurahi. Ukisimama mkavu juu kama fimbo ya mchungaji, ncha tu inatetemeka, huyo yuko tayari kupigana.

Ernesta alikuwa amefuga mbwa tangu anaolewa. Ilikuwa kama mtu kuambiwa kwamba jirani ambaye amekuwa akimpungia mkono miaka yote alikuwa akizungumza naye, tena kwa ufasaha.

Jambo lililomshinda kabisa kuamini lilikuwa la kidevu. Dorkasi alimfundisha Watasema kwamba mkono ukifunguliwa mbele yake na kutajwa neno "kidevu", aweke kidevu chake juu ya kiganja na atulie. Akitulia, anaguswa sikio, anafunuliwa mdomo, anatolewa kupe, kisha anapata dagaa. Akikiondoa kidevu, mkono wa Dorkasi nao unaondoka, hakuna kulazimishana.

"Anakuruhusu?" Ernesta aliuliza, sauti imeshuka.

"Ananiruhusu. Na kwa kuwa anaweza kukataa, hakatai."

Ernesta alijaribu mwenyewe. Alifungua kiganja chake kilichokakamaa kwa jembe, akasema neno. Mbwa alimtazama, akapiga miayo, akafikiri. Kisha akaja, akaweka kidevu, na uzito wa kile kichwa ukamjaa mkononi. Ernesta alimega kipande cha samaki wake mwenyewe, si makombo, akampa.

Kiangazi kikakaza. Nyasi zikaisha upande wa hifadhi, wanyama wakaanza kusogea karibu na watu, na sauti ya fisi ikawa inasikika nyuma ya mashamba ya mkonge. Ernesta alikuwa na mbuzi wachache, na kati yao na pori hapakuwa na kitu ila ua wa miiba na Watasema. Mwanawe Jackson alikuwa mbali, Dar es Salaam. Bila mbwa, angelazimika kuwauza mbuzi na kurudi mlimani kuomba kipande cha shamba kwa shemeji. Hilo alilijua na hakupenda kulifikiria.

Ikawa Jumamosi moja asubuhi, Justa wa kwaya akaja mbio hadi mlangoni.

"Mama Jackson, njoo kwa Nathanaeli. Mbwa wako kaua mbuzi."

Walipofika, watu walikuwa wamejaa. Jumuiya ya sala ilikuwa imekutana nyumba ya pili asubuhi hiyo, na waumini walikuja moja kwa moja na Biblia zao makwapani. Mbuzi jike wa Nathanaeli, jirani yao, alikuwa amelala nje kidogo ya zizi, koo limeraruliwa, paja moja limeliwa. Watasema alikuwa amefungwa kamba shingoni kwenye nguzo ya zizi. Mbele yake alisimama Mzee Melkizedeki, mwenyekiti wa kitongoji na mzee wa kanisa, fimbo mkononi.

"Nani kafanya hivi?" alimngurumia mbwa, fimbo ikimwelekea mbuzi.

Watasema akageuza uso pembeni. Masikio yote mawili, hata lile lililozoea kusimama, yalilala nyuma. Akalamba pua. Akajikunja, akajikojolea.

"Mnaona?" Mzee Melkizedeki aliwageukia watu. "Hata kumtazama mbuzi hawezi. Amekiri."

"Na mimi nilipomkuta alfajiri alikiri vilevile," Nathanaeli alisema. Alikuwa mtu mpole, macho mekundu kwa hasara. "Niliinua gongo tu, akalala chini."

Hukumu haikuhitaji kujadiliwa, maana kila mfugaji wa pale aliijua. Mbwa akishaonja mbuzi hana dawa. Huondolewa siku hiyohiyo, kabla ya jua kufika utosini, na mwenye mbwa hafungui mdomo. Vijana wawili walikuwa wameshaokota mawe, na walisimama wakiyapimapima mkononi.

Ernesta alipiga hatua kumwendea mbwa wake. Dorkasi alimshika kiwiko, akamwacha, akaenda mbele.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Kama umekuja kulia, kalilie nyumbani."

"Sikuja kulia, mzee. Nimekuja kuuliza. Mbwa amekiri kwa lugha gani?"

Watu wakacheka kidogo. Mzee hakucheka.

"Kwa lugha ya wenye hatia wote. Mwenye kosa hakutazami usoni."

"Na mtoto anayekupa shikamoo, anakutazama usoni?"

Dorkasi hakungoja jibu.

"Sote hapa tumelelewa hivyo. Ukimwamkia mkubwa unainamisha kichwa, macho chini, sauti ndogo. Nikikukazia macho sasa hivi utasema nimekosa malezi. Lakini mbwa akiangalia pembeni mnasema muuaji. Mzee, umemjia na fimbo na sauti ya radi. Hajui umekasirikia nini. Anajua tu kwamba umekasirika, na anakwambia kwa mwili wake, maana mdomo wa kusema hakupewa: mkubwa ni wewe, sitaki ugomvi. Anakuamkia. Ile ni shikamoo."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi makavu. Mzee Melkizedeki alipigapiga fimbo chini.

"Unafananisha salamu ya wazee wetu na mbwa?"

"Nafananisha heshima na heshima. Na kama huniamini mimi, tumuulize Komando."

Komando alikuwa mbwa wa Mzee Melkizedeki, mwekundu, amenona, anayemfuata bwana wake kila mahali ila altareni. Kijiji kizima kilijua kuwa hulala ndani ya ua wenye geti la bati lililofungwa kufuli, kwa sababu mwenyewe Mzee alilisema hilo kila alipopata msikilizaji. Hata sasa alikuwa amekaa miguuni pake, ulimi nje, anatazama watu kwa furaha.

"Naomba Biblia yako, mzee," Dorkasi alisema.

Mzee aliitoa kwa mashaka. Dorkasi aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kigoda mbele ya Komando.

"Sasa muulize Komando nani kaiba Biblia hii. Muulize kama ulivyomuuliza Watasema. Sauti ileile, fimbo ileile."

"Upuuzi."

"Muulize tu, mwenyekiti," Justa alidakia toka nyuma. "Kama hana kosa si atakutazama?"

Wengine wakaitikia. Mzee akajikuta amebanwa, watu wake mwenyewe ndio ukuta. Akavuta pumzi, akanyoosha fimbo.

"Komando. Nani kachukua Biblia hii?"

Ulimi wa Komando ukarudi ndani. Masikio yakalala. Alimtazama bwana wake mara moja, akageuza kichwa upande wa mlima, akalamba pua, akalala chali, akanyanyua mguu mmoja wa mbele kama anayeomba ruhusa ya kutoka darasani.

Kicheko kilichopasuka hapo kilimwamsha hata jogoo wa Nathanaeli.

"Haya, Komando naye kaiba Neno la Bwana," Justa alisema, anajifuta machozi.

"Bora angekuwa amelisoma," mwingine akajibu.

Kijana mmoja aliangusha jiwe lake chini. Yule wa pili aliendelea kulishika.

Ernesta alicheka pia, kisha kicheko kikamkauka, maana Nathanaeli hakuwa amecheka.

"Mchezo mzuri, dada," Nathanaeli alisema taratibu. "Lakini mbuzi wangu kafa, na mbwa nilimkuta hapa. Hilo utalifanyia mchezo gani?"

Dorkasi alimgeukia, na sauti yake ikabadilika, ikapoteza makali.

"Hapo umeuliza swali lenyewe, kaka. Pole sana na mbuzi wako. Nikumbushe ulichokiona, kabla hujainua gongo. Alikuwa amesimama vipi?"

"Amesimama tu. Pale, palipobomoka ua."

"Mkia?"

"Juu. Na alikuwa anautikisa. Anafurahia alichofanya."

"Ulitikisika wote na kiuno, au ulikuwa mkavu, ncha tu inatetemeka?"

Nathanaeli alifikiri. Alikuwa mfugaji, na mfugaji hasahau alichokiona, hata kama hakujua anaona nini.

"Mkavu," alisema. "Na manyoya ya mgongo yamesimama."

"Alikuwa anamtazama mbuzi?"

"Hapana." Sauti ya Nathanaeli ilipungua. "Mbuzi alikuwa nyuma yake. Alikuwa anatazama kule porini."

Ernesta aliona watu wanageuka, mmojammoja, kutazama kule porini, kama vile Watasema mwenyewe ndiye aliyewanyooshea kidole.

Dorkasi akamwendea mbwa. Hakumwendea moja kwa moja. Alizunguka kidogo, akachuchumaa hatua chache kutoka kwenye nguzo, amempa ubavu. Akafungua kiganja juu ya goti lake. Hakutazama nyuma kuona kama watu wanamwangalia.

"Kidevu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

Watasema alikuwa anatetemeka. Alikuwa amepigwa gongo alfajiri, amekabwa kamba, amenyooshewa fimbo, na mbele yake watu waliokuwa wamemkusudia kifo. Ernesta aliyajua yote yaliyokuwa ndani ya mwili ule, kwa sababu sasa aliweza kuyasoma, na alisema moyoni kwamba mbwa asingekuja. Hata yeye, mtu mzima aliyebatizwa, asingekuja.

Mbwa alipiga miayo. Akalamba pua. Akanyoosha shingo hadi kamba ilipokaza, akaweka kidevu kwenye kile kiganja.

Ernesta alifunika mdomo kwa kanga. Aliwahi kuona wachungaji wakitoa pepo na madaktari wakifungua matumbo, na hakuna hata kimoja kilichomgusa kama binti huyu aliyekaa mavumbini na mkono wazi, akikabidhiwa kichwa cha kiumbe ambaye hakuwa na sababu ya kumwamini mtu yeyote siku ile.

Kwa mkono wa pili Dorkasi akamchambua manyoya ya shingo, polepole, nyuma ya lile sikio lililoanguka. Manyoya yalikuwa meusi, damu iliyokauka ndani yake isingeonekana hata kwa mtu aliyesimama karibu, na hakuna aliyesimama karibu. Akayafunua. Matundu mawili mapana, yamevimba, na mawili mengine upande wa chini. Mbwa alishtuka lakini kidevu hakukiondoa.

"Nathanaeli," Dorkasi aliita, bado anamtazama mbwa. "Mbuzi wako alikuwa na meno ya juu mbele?"

Watu wazima wote pale walijua jibu, na ndiyo sababu wengine walianza kutabasamu.

"Mbuzi hana meno ya juu mbele," Nathanaeli alisema.

"Basi njoo uangalie nani alimng'ata huyu."

Nathanaeli alikuja. Alitandaza vidole vyake juu ya yale matundu bila kuyagusa, akapima upana wa taya. Rangi ikamtoka. Akainuka, akaruka ua palipobomoka, akaenda mbele zaidi, kule ambako waumini wa jumuiya hawakuwa wamekanyaga. Alirudi ameshika mfupa wa mguu wa mbuzi wake, umepasuliwa katikati kama muwa.

"Fisi," alisema. "Tena si mmoja. Nyayo zimejaa kule, na za mbwa zimo katikati yao." Akageukia zizi. "Mbuzi wengine wote wamo zizini wazima. Aliwazuia peke yake."

Yule kijana wa pili alilitua jiwe lake chini polepole, kama anayeogopa lisitoe sauti.

Ni Nathanaeli aliyeifungua kamba. Na Ernesta aliona jambo ambalo hakuna aliyelisema: mtu yule hakumjia mbwa kwa mbele. Alizunguka, akachuchumaa, akampa ubavu, kama alivyomwona binti akifanya. Watasema alimnusa goti. Mkia wake, uliokuwa umefyatwa tumboni, ulitoka kidogo, ukayumba mara moja, chini chini.

"Nisamehe, mzee mwenzangu," Nathanaeli alimwambia mbwa, na hakuna aliyecheka.

Dorkasi aliomba sabuni, akanawa mikono hadi viwikoni, akamwambia shangazi yake wampigie mtaalamu wa mifugo wa kata leo leo, mbwa asafishwe majeraha na achanjwe tena, hata kama chanjo ya kichaa ya mwanzo haijaisha, maana mate ya fisi si ya kuaminiwa. Alikuwa anasema hayo, mikono inachuruzika maji, pale fimbo ya Mzee Melkizedeki ilipogonga chini.

Mzee alikuwa ameshika Biblia yake kifuani. Komando alikaa kando yake, amesahau kesi yake yote.

"Mbwa aende nyumbani," alisema. "Nimeona. Hilo halina ubishi." Akaihamishia Biblia kwapani, na kila mtu alijua kuna jingine. "Lakini wewe binti umenifanya kichekesho mbele ya jumuiya. Umemweka mbwa wangu kizimbani. Na umeichukua shikamoo, kitu tulichorithi, ukamvika mbwa. Kwa hayo, utaomba radhi hapa, mbele ya hawahawa."

Sasa watu hawakuwa upande wa mtu. Justa alitazama chini. Hata Nathanaeli, aliyekuwa na deni kubwa kuliko wote asubuhi ile, alijifanya anakunja kamba.

Ernesta akamvuta Dorkasi kanga. "Mwanangu," alimnong'oneza, "neno moja tu, yaishe. Mbwa tumempata. Huyu ndiye anayegawa kila kitu hapa, na wewe unaishi hapa."

Dorkasi alimtazama shangazi yake kwa upendo ambao Ernesta angeukumbuka maisha yake yote. Akafuta mikono kwenye sketi. Akasogea hadi mbele ya mzee, akakunja goti kidogo, akainamisha kichwa, akashusha macho kama binti aliyelelewa vema na watu wa mlimani. Watu wakashusha pumzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mzee Melkizedeki alijibu, na uso wake ukalegea. "Marahaba, mwanangu."

"Hiyo nimekupa kwa moyo wangu wote, na nitakupa kila asubuhi tutakayokutana, kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu." Akainua macho, akayatuliza kwenye macho yake, bila hasira. "Lakini nilichosema ni kweli, na mbwa yuko hai kwa sababu nilikisema. Radhi siombi."